Kidole Nilichomwinulia Yohana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka chakula hakishuki. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, wakati wa kiangazi, kule bondeni Same kwenye shamba la mkonge nililofanyia kazi ujana wangu. Mashine zilikuwa zimezimwa tangu Jumamosi mchana, na ule ukimya ulitushinda. Wengine walikuwa wanapiga miluzi, wengine wanagombana bila sababu, maana mtu aliyezoea kelele ukimwondolea hajui aiweke wapi mikono yake. Tulikuwa tumepanga foleni nje ya stoo, tunasubiri kupimwa masikio.

Nakueleza habari hii kwa sababu wiki iliyopita nilishuka Hedaru kununua mabati, nikapumzika kwenye benchi la gereji moja pale barabarani, nikawasikia ninyi vijana mnaongea. Mmeambiwa kuna watu watakuja kuwapima, ninyi wa grenda na ninyi wa kupiga rangi. Mmoja wenu akasema, "Hicho kipimo mbona ni cha kupita tu, kuna namna." Wenzake wakacheka. Mimi nikamaliza soda yangu nikaondoka bila kusema neno, na njia nzima ya kupanda mlimani kurudi kwangu Mhezi nilikuwa najilaumu. Sasa nasema. Hiyo namna naijua. Niliitumia kwa mkono wangu huu, na utasikia ilimfanya nini mtu.

Sisi kwetu tulizaliwa wavulana sita, na shamba la baba lilikuwa limelala kwenye mteremko, dogo, ukilima vibaya udongo unamwendea jirani wa chini. Kwa hiyo nikashuka bondeni kutafuta kazi, nikapangwa korona. Kama hujawahi kuiona, korona ni ile mashine inayokamua majani ya mkonge mpaka zinabaki nyuzi nyeupe tunazoziita singa. Inanguruma, mwanangu. Ukisimama mezani pake, hata ukimpigia mwenzako ukelele sikioni, yeye anaona mdomo tu unacheza.

Ndiyo maana sisi wa korona tulisemezana kwa mikono. Ngumi ni simamisha. Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono ni saa ya kutoka imekaribia. Ukigusa pua, nyapara anakuja, kwa sababu nyapara wetu alijaliwa pua. Tulikuwa na ishara ya ugali, ya mvua, ya mkanda kuchomoka, na nyingine ambazo kwa umri nilionao sizitaji. Mgeni alichukua miezi kuijua lugha ile. Sisi tulioijua tuliweza kukuteta mbele ya macho yako na ukaondoka unatushukuru. Tulijivuna nayo sana.

Yohana alikuwa mwenzangu wa meza. Alitoka Kasulu kuja kukata mkonge, akapandishwa mpaka mashineni kwa bidii yake mwenyewe. Aliniita Mpare, nami nilimwita Muha, majina yetu halisi tulikuwa tunayatoa tukikasirikiana tu. Alinitania kwamba sisi Wapare tunapenda kesi, kwamba hata nikikanyagwa mguu nitaita mashahidi. Nikipata homa ananishikia zamu. Alipooa, mimi ndiye niliyesimama naye kanisani.

Siku ambazo korona inafungwa kwa matengenezo, Yohana alikuwa anaingia karakana kuosha vyuma kwa petroli na thina, kisha anavipaka rangi. Humo ndani madirisha yalikuwa yamefungwa, eti vumbi lisiharibu rangi. Akitoka macho mekundu, anayumba kidogo, anacheka peke yake. Tulimwambia analewa bila kununua. Hakuna aliyejiuliza kitu kinachoweza kumlevya mtu kwa harufu tu kinakwenda kufanya nini kingine humo mwilini mwake. Na sisi hatukuwa wajinga, nakuambia, tulikuwa na bidii tu ya kutofikiri.

Wiki ile kabla ya kupimwa, tulikuwa tunaoga bombani baada ya kazi, Yohana akasema, "Mpare, kuna kitu kinalia sikioni mwangu. Tangu Pasaka. Nikilala kinalia, nikiamka kinalia, kama nzi ameingia kwenye chupa. Na mke wangu anasema huwa ananiita mara tatu. Nataka nimwambie huyo mpimaji."

Nilimjibu hata hajamaliza kusuuza povu. "Ukimwambia hivyo unafungasha. Unarudi Kasulu."

"Nani kasema?"

"Watu wote wanasema."

Na ni kweli, watu wote walikuwa wanasema. Hakuna hata mmoja aliyekwenda ofisini kuuliza. Nikamwambia, "Umesafiri siku tatu kuja kutafuta kazi, leo unataka kuiacha kwa ajili ya nzi? Wee tulia, mimi nitakusaidia." Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kuniamini, na hilo ndilo lililomponza.

Basi, Jumatatu ile akaja mama mmoja mpimaji, mnene, mpole, na sanduku lake la mashine. Kabla ya kuanza alitoka nje akasimama mbele ya foleni, akatuuliza, "Nani kati yenu akitoka kazini masikio yanalia?" Hakuna aliyeinua mkono. "Nani anashika thina, petroli, rangi?" Yohana alinitupia jicho. Nikamshushia kiganja, ishara yetu ya tulia. Akatulia.

Yule mama alijua tunaficha. Akasema taratibu, kama anayezungumza na wadogo zake, "Kelele peke yake inaumiza sikio. Hizo dawa nazo mkizivuta zinaingia kwenye damu, zinafika mpaka sikioni. Zikikutana na kelele, uharibifu unakwenda haraka. Na unaanza na sauti nyembamba. Ndege, filimbi, mtoto mdogo. Wewe mwenyewe hujui, kwa sababu lori bado unalisikia, unajiona mzima. Ndiyo maana tunakuja kupima mapema, kwa sababu kilichokwisha kufa humo ndani hakifufuki, ila kilichobaki kinalindwa." Maneno hayo leo nayasema neno kwa neno. Siku ile nilikuwa nachungulia dirisha la stoo, natafuta namna ya kumsaidia Yohana.

Kisha mimi nikapimwa wa kwanza, nikaona mambo yalivyokaa. Unavalishwa hedifoni, unapewa kitufe. Unakaa ukitazama dirishani, mpimaji amekaa nyuma yako na mashine yake. Yeye anabonyeza kwa kidole gumba, wewe ukisikia mlio unabonyeza chako. Kumbe mtu akisimama nje ya dirisha anakiona kidole gumba cha yule mama vizuri kabisa, juu ya bega la anayepimwa. Mtu mwingine asingeona kitu hapo. Sisi watu wa korona tulikuwa tunaishi kwa kutazama vidole.

Yohana akaingia. Mimi nikasimama nje, mkono nimeuweka kwenye fremu ya dirisha kama mtu aliyechoka na foleni. Kidole gumba cha mama kikishuka, mimi nainua kidole cha shahada, kidogo tu. Yohana anabonyeza. Kinashuka, nainua. Mara mbili nilimwacha akose makusudi, ili isionekane amezidi. Unaona akili nilizokuwa nazo? Akili zile ningezipeleka shuleni ningekuwa mtu mkubwa.

Mlio hakuusikia, mwanangu. Aliniambia baadaye kwamba katika sikio la kulia hakusikia hata mmoja, alikuwa ananiangalia mimi tu. Yule mama akamwandikia karatasi, akamwambia, "Hongera, masikio yako mazuri, tena ukizingatia kazi yako." Tulitoka pale tumeshikana mabega. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Watatu walifeli siku ile. Mmoja alikuwa dada wa chumba cha brashi, pale wanapochana singa. Tuliwasubiri wafukuzwe. Hawakufukuzwa. Walihamishwa uwanjani kuanika singa juani, wakapewa vizibo vya masikio, wakaambiwa watapimwa tena. Tukawacheka kwamba wameshushwa cheo. Yule dada leo ni bibi, anauza nyanya pale Hedaru, na ukisengenya watu hatua kumi kutoka kwenye meza yake anakujibu. Mimi nikimwona napita upande wa pili wa barabara.

Kulikuwa na mzee mmoja pale kiwandani, Mzee Kiondo, kazi yake kupaka mashine grisi. Alikuwa kiziwi kabisa, na kwa hiyo mikono alikuwa anaisoma kuliko sisi wote. Mchana ule aliniita kwenye mapipa ya dizeli. Nikamwamkia kwa ishara. Hakuitikia. Alikishika kidole changu cha shahada, akakikunja taratibu mpaka kikagusa kiganja, akakishikilia hapo.

"Hiki nimekiona," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. "Mimi nilipoanza kazi hapakuwa na mtu wa kunipima. Masikio yangu yalikufa sijui mwaka gani, niligundua siku mama yangu ananisemesha, sisikii neno, nikaona analia. Yohana amepata mtu wa kumwambia mapema, wewe umemfunga mdomo. Yule mama analala Same, kesho asubuhi yuko hapa. Nenda ukamwambie ampime upya."

Nikasema nitakwenda. Na nilikwenda kweli, usidhani sikwenda. Asubuhi nilifika mlangoni pa stoo, nikamkuta yule mama anafungasha vitu vyake, gari linamngoja. Akaniangalia akasema, "Karibu, kijana, una shida?" Nikafungua mdomo. Nikafikiria nitaonekanaje. Nikafikiria nyapara, nikafikiria Yohana akifungasha. Nikasema, "Nimekuja kukusaidia mzigo." Nikambebea ile mashine mpaka kwenye gari, nikaifunga vizuri isigongwe. Akanishukuru sana, akasema nimelelewa vizuri.

Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amepotea bado. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Sikio la kushoto la Yohana lilikuwa bado lina uhai wake. Lakini kwa vile karatasi ilisema ni mzima, akabaki palepale mezani, na siku za matengenezo akaendelea kuingia kwenye kile chumba cha thina, tena walimwongezea siku, kwa sababu alikuwa na masikio mazuri.

Mambo hayakuja kwa kishindo. Kwanza aliacha kusikia mkanda unapoteleza, ule mlio mwembamba ambao kila mtu wa korona huruka akiusikia. Nikawa nampigia ishara. Kisha akawa anaongea kwa sauti kubwa mahali pa utulivu. Kisha vijana wakaanza kulalamika kwamba Yohana ana kiburi, wanampa shikamoo anapita kama hajaona watu. Ulishawahi kuona mtu mwema akichukiwa kijiji kizima kwa marahaba ambayo hakujua anadaiwa? Nilikuwa nawaambia, "Ana mawazo, msameheni." Nilikuwa naendelea kumfichia, kama nilivyozoea.

Halafu akazaliwa Rehema. Binti yake wa pekee, alimpata kwa shida, baada ya mkewe kupoteza mimba mbili. Mtoto alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kuchezacheza. Siku moja nilikuwa nimekaa kwao. Rehema akaja akamshika baba yake goti akamwambia habari ndefu, ya kuku, na ya mtoto wa jirani, na ya kuku tena. Yohana anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Mtoto akamaliza, akauliza swali, akangoja. Yohana akatabasamu tena, akaitikia kwa kichwa. Mtoto akauliza mara ya pili. Kisha akaondoka taratibu, akaenda kumweleza mama yake.

Yohana akanigeukia. "Mpare, sauti yake ikoje?"

Ningemwambia ikoje?

Ndipo nikasema twende hospitali kubwa mkoani. Tulipanda basi alfajiri, mimi ndiye masikio yake. Daktari alikuwa kijana, mtaratibu, akampima chumba kizuri kisicho na dirisha. Akarudi na karatasi yenye mistari iliyoporomoka. Akaniambia, "Mweleze mwenzako kwamba sikio la kulia limekwisha, la kushoto limebaki kidogo sana. Kifaa kitamkuzia sauti, lakini maneno hakitayarudisha yote. Sauti ya mtoto ndiyo itakuwa ngumu kuliko zote."

Nikamweleza kwa mikono, kwa namna nilivyoweza. Yohana akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyotunzwa kwenye nailoni. Ile ya kwanza. Alikuwa ameihifadhi miaka yote, kwa sababu alikuwa mtu wa kutunza vitu. Daktari akaisoma, akakunja uso. "Hapa anaonekana mzima kabisa, na kazi alikuwa ameshaifanya miaka. Kwa kawaida haiendi hivi, huwa tunaona dalili mapema. Tungeziona tungemtoa pale. Muulize, siku hii alisikia kweli?"

Mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza swali lile. Daktari akaniangalia mara mbili. Kisha nikasema, "Hakusikia, daktari. Mimi ndiye niliyekuwa namwonyesha." Daktari aliweka kalamu chini.

Yohana akanigusa begani. Mikono yake ikauliza, anasema nini?

Mwanangu, katika lugha yetu yote ile tuliyojivuna nayo, tulikuwa na ishara ya ugali, ya mvua, ya nyapara. Hatukuwa tumetunga ishara ya kuomba radhi. Hatukuwahi kuihitaji. Nikajigusa kifua, nikagusa ile karatasi, nikagusa sikio lake. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Yohana aliitazama mikono yangu. Kisha akaichukua karatasi yake, akaikunja, akairudisha kwenye nailoni. Akasema kwa ile sauti yake kubwa, mpaka manesi wakageuka, "Twende. Basi litatuacha."

Hatujawahi kulizungumza tena. Bado ananikaribisha kwake. Bado ananiita Mpare. Lakini tangu siku ile, tukikaa, hanitazami mikono.

Basi, wewe wa Hedaru uliyesema kuna namna, na wenzako mliocheka, nisikilizeni. Watakapokuja wapimaji, kaeni hapo kitini msikie mnachosikia, na msichosikia acheni kisisikike. Karatasi ikisema una tatizo, hiyo siyo barua ya kufukuzwa, ni mtu amekuwahi. Na kama unaogopa kazi, nenda ofisini ukaulize kwa mdomo wako, usile uvumi kama tulivyokula sisi. Wasipokuja, dai waje. Ukianza kazi mpya yenye kelele, omba upimwe kabla hujaanza, kisha upimwe tena kila mwaka, ili ionekane umeanza wapi na unakwenda wapi. Siku ya kupimwa usiende umetoka kwenye grenda, pumzisha masikio kwanza. Na ukiulizwa unashika nini, taja vyote, thina, petroli, gundi, rangi, hata kama hukuulizwa taja, maana wengi bado wanadhani sikio linaumwa na kelele tu. Fungueni madirisha mnapopiga rangi, vumbi litafutika. Vaeni vizibo, hata kama mwenzako anakucheka. Masikio yakilia baada ya kazi, au mama watoto akilalamika kwamba anaita hujibu, usimkasirikie, huyo amekupima bure.

Lakini zaidi ya hayo yote, mwanangu, rafiki yako akikuambia kuna kitu kinamlilia sikioni, usimwambie atulie. Mshike mkono umpeleke. Nilidhani nampenda Yohana kuliko mtu yeyote pale shambani, na labda nilimpenda kweli. Ila nilimpa nilichokuwa nacho mimi, ambacho ni ujanja, wakati yeye alikuwa ameomba ukweli. Na kama umeshakosea, na umefika mlangoni, sema. Usibebe mzigo wa mtu mpaka kwenye gari ukarudi nyumbani.

Nakuombea kwa Mungu wa baba zetu akukutanishe na watu wa kukuambia mapema, na akupe moyo wa kuwaacha wakuambie. Kazi ya mikono yako ikulishe isikule. Upate watoto, wakusimulie habari ndefu za kuku, uwajibu maswali yao yote hata yakikuchosha. Nenda salama.